Vipokezi vyepesi vya droni ndogo: mwaka mmoja wa kuvipima na kuvirusha Tanga

Mizani ninayoiamini kuliko zote mjini Tanga iko kwa sonara mmoja wa Ngamiani, mzee anayepimia pete na vipuli, ambaye mwaka jana alinikubalia nimwekee juu ya sahani yake kipande cha bodi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. "Hii nayo ni dhahabu ya wapi, fundi?" aliniuliza. Nikamweleza, "Mzee wangu, hiki ni kipokezi, ndicho kinachoisikiliza rimoti na kuiambia droni iende wapi." Mizani ikasoma gramu 0.43. Nikachomeka antena iliyokuja kwenye mfuko uleule, tukapima tena, na safari hii namba ikapita gramu 1. Mzee akasema kwamba kwao dhahabu hupimwa peke yake na jiwe peke yake, lakini anayevaa pete huvaa vyote viwili.

Maneno yale yamenikaa, kwa sababu ndiyo hitilafu ya kwanza katika namna vipokezi hivi vinavyotangazwa. Uzito unaoandikwa kwa namba kubwa kwenye tangazo mara nyingi ni wa bodi tupu, ilhali droni hubeba bodi, antena, nyaya nne, lehemu na plastiki ya kufunikia. Mimi ni fundi wa simu kwa kazi yangu ya kila siku, na kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikiunda droni ndogo pamoja na vijana wanne wa mtaani kwetu. Katika muda huo tumetumia vipokezi vya aina saba, tukavifunga, tukavifungua na kuvihamisha kutoka fremu moja hadi nyingine. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mtu wa Tanga, au wa mji wowote wa pwani, anayetaka kununua kipokezi chake cha kwanza au cha pili, na ambaye hana duka la jirani la kurudisha kitu akikosea.

Uzito wenyewe una maana kubwa, na sitaki nieleweke vingine. Droni ndogo ya kurushia ndani ya nyumba, ile yenye fremu ya milimita 65 na pete za plastiki kuzunguka mapangaboi yake, pamoja na betri ya seli moja ya miliampia-saa 300, huwa na gramu zisizozidi 30 hivi. Gramu moja ukiiongeza hapo, umeongeza zaidi ya asilimia 3 ya mzigo wote, na droni inayoruka dakika 4 itakudai sekunde kadhaa mwishoni, wakati betri imeanza kulegea na mota zinahangaika kuishikilia isidondoke. Kwenye droni ya mapangaboi ya inchi 5, yenye gramu 600 na zaidi, gramu hiyohiyo haionekani kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni ukubwa wa droni yake, na orodha ya wauzaji haiwezi kulijibu kwa niaba yake.

Baada ya hapo tunafika kwenye mfumo wa mawasiliano, na hapa msimamo wangu ni thabiti: kwa anayeanza leo, nunua kipokezi cha ExpressLRS cha gigahezi 2.4. Mfumo huu umejengwa na watu wanaojitolea, programu yake iko wazi kwa kila mtu kuisoma na kuirekebisha, na hutumia aina ya mawimbi inayoitwa LoRa, ambayo iliundwa ili ujumbe mfupi usikike hata pale mawimbi yanapokuwa dhaifu kuliko kelele zinazoyazunguka. Kwa sababu viwanda vingi vinatengeneza vipokezi vinavyoelewana katika mfumo huu, bei yake haipandi kiholela, na kwa kawaida kipokezi kimoja huuzwa huko kinakotoka kati ya dola 10 na 20. Zaidi ya hayo, kipokezi kinazungumza pia: hurudisha kwenye rimoti taarifa za nguvu ya mawimbi na, bodi kuu ya droni ikiruhusu, hali ya betri, na kwa mwalimu anayesimamia vijana wanne wenye hamu ya kurusha hadi tone la mwisho, taarifa hizo ni msaada usio na bei.

Kuna toleo jingine la mfumo huohuo linalotumia masafa ya megahezi 868 au 915, na lina sifa ya kufika mbali na kupenya miti vizuri zaidi. Kwetu sikushauri. Masafa ya megahezi 902 hadi 928, yanayotumika Marekani kwa vifaa vya aina hii, huku kwetu yanaingiliana na yale ambayo simu za mkononi hutumia kuzungumza na minara katika bendi ya 900, yaani kati ya 890 na 915. Mtu anayewasha rimoti ya 915 katikati ya mji anaweza kusumbua mawasiliano ya wengine na yeye mwenyewe kusumbuliwa. Isitoshe, antena za masafa hayo ni ndefu zaidi, na kwenye droni ya kiganja urefu huo ni adha tupu.

Vipokezi viwili tulivyovitumia zaidi ni EP1 na EP2 vya kampuni ya Happymodel. Ni ndugu wa tumbo moja: bodi ya milimita 10 kwa 10, chipu ileile ya SX1280, uzito unaotajwa wa gramu 0.42 kwa EP1 bila antena na gramu 0.44 kwa EP2. Tofauti yao yote imo katika antena. EP1 ina tundu dogo la kuchomeka antena ya waya yenye umbo la herufi T. EP2 ina kijiwe cha kauri kilicholehemiwa juu ya bodi, hakina waya wala tundu, na ukikitazama huwezi kuamini kuwa nacho ni antena. BETAFPV nao wanatengeneza kipokezi chao chepesi cha jinsi hiyo ya pili, chenye gramu 0.46 kwa kile cha antena bapa, na kwa matumizi yetu hatukuona sababu ya kukitenganisha na EP2. RP1 cha RadioMaster ni kikubwa kidogo, milimita 13 kwa 11, na kina antena ya T kama EP1. Sehemu zake za kulehemu ni rahisi zaidi kwa mkono wa kijana anayejifunza, na ndiyo maana nikampa kila mmoja wao RP1 kwa droni yake ya kwanza ya inchi 3.

Sasa niseme juu ya antena, maana hapa ndipo fedha ya mnunuzi inapopatia au inapopotea. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5 hivi. Antena ya T ina mikono miwili, kila mmoja wa sentimita 3 na ushei, yaani robo ya wimbi, na kwa pamoja hulidaka wimbi hilo vizuri. Kijiwe cha kauri hufanya kazi hiyohiyo ndani ya milimita chache, na lazima kilipe gharama ya ufupi wake. Nilitaka kujua gharama hiyo ni kiasi gani kwa macho yangu, kwa hiyo Jumamosi moja tulishuka barabara ya Pangani hadi Tongoni, mbali na watu na mbali na magofu, wakati maji yamekupwa. Tulichomeka mti wa mikoko mchangani, tukafunga droni moja juu yake kwa kimo cha kifua, mapangaboi yote yametolewa, kisha mmoja wetu akatembea na rimoti iliyowekwa nguvu ya miliwati 25 huku akisoma nguvu ya mawimbi kila baada ya hatua 50. Tulipofika hatua 300, antena ya T ilikuwa ikisoma karibu desibeli 80 chini ya sifuri, na kauri karibu 87; kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo mawimbi yalivyo dhaifu. Kila desibeli 6 zinazopotea hupunguza umbali kwa nusu, kwa hiyo tofauti ya 7 si ya kupuuzwa.

Lakini jambo lililotushangaza zaidi lilitokea pale kijana aliyeshika rimoti alipogeuka kutuita, akaipa droni mgongo. Mwili wake ulisimama katikati ya rimoti na mti ule, na mawimbi yakaanguka kwa zaidi ya desibeli 10 kwa kufumba na kufumbua, kwa vipokezi vyote viwili. Maji ndiyo sehemu kubwa ya mwili wa mtu, na maji humeza mawimbi ya masafa haya. Tukarudia mara tatu, ikawa vilevile. Kumbe namna ya kusimama ilikuwa na uzito kuliko tofauti ya antena ambayo tulikuwa tumeifuata kilomita zote zile. Nikumbushe pia kwamba kipokezi cha ExpressLRS kikiwekwa kwenye mwendo wa ujumbe 250 kwa sekunde husikia hadi karibu desibeli 108 chini ya sifuri, kwa hiyo hata kauri ilikuwa bado na akiba ya kutosha kwa mtoto anayerusha ndani ya uwanja wa mpira. Ukiteremsha mwendo hadi ujumbe 50 kwa sekunde, usikivu huongezeka tena kwa desibeli kama 7, japo droni huitikia kidole chako kwa uzito kidogo.

Hukumu yangu kwa hiyo ni hii: kwa droni ya gramu 30 inayorushwa ukumbini au uani, chukua kauri, kwa sababu waya wa T kwenye fremu ya milimita 65 hujikunja, hunaswa na pangaboi, na mwisho hukatwa. Kwa droni yoyote ya kuanzia gramu 60 kwenda juu ambayo utaitoa nje ya uwanja, chukua antena ya T na uisimamishe nyuma ya fremu, mbali na nyuzi za kaboni, ambazo huzuia mawimbi kama bati. Usiilaze sambamba na nyaya za betri, wala usielekeze ncha ya mkono wake moja kwa moja kwako unaporusha, maana upande wa ncha ndio upande inaosikia vibaya kuliko zote.

Lile tundu dogo la antena nalo linahitaji heshima. Limekusudiwa kuchomekwa na kuchomolewa mara chache, takriban 30, na kijana mwenye haraka anaweza kulimaliza kwa siku moja. Chomeka kwa kubonyeza wima hadi usikie mbofyo kwenye ukucha, kisha weka tone la gundi laini pembeni, na usiliguse tena.

Kuhusu vipokezi vya zamani, nitapita upesi. XM+ cha FrSky, chenye gramu 1.6, antena mbili na chaneli 16, kilikuwa chaguo la heshima kwa miaka kadhaa, na R-XSR cha gramu 1.5 kiliongeza uwezo wa kurudisha taarifa. Kama tayari una rimoti ya mfumo wao, huna sababu ya kuitupa. Anayenunua leo tu ndiye anayepaswa kujua kuwa vipokezi hivyo vina programu ya ndani ya matoleo mawili, moja ya Ulaya na moja ya nchi nyingine, na toleo la kipokezi lisipofanana na la rimoti, havioani hata ukilala navyo. Mimi niliagiza kwa muuzaji mmoja ambaye tangazo lake halikutaja toleo, kifurushi kikafika kwa basi hadi stendi ya Kange, na nikapoteza siku mbili nikidhani nimeunguza kitu kwa pasi ya kulehemu. Nilipomwandikia, hakujibu. Kwa wale wenye rimoti ya FlySky FS-i6, ambayo wengi huanzia nayo kwa sababu ya bei yake, kipo FS-A8S, chepesi cha gramu 1 na kidogo, na kwa kujifunza uwanjani kinafaa.

Kuna droni ndogo nyingi zinazouzwa zikiwa na kipokezi kilichochapwa ndani ya bodi kuu. Huo ndio uepesi wa mwisho, maana hakuna kinachoongezeka, na fundi hana waya wa kulehemu. Chunguza tu jambo moja kabla ya kulipa. Vipokezi vya namna hii vinavyofanya kazi kupitia chipu ya bodi yenyewe havisasishwi kwa waifai, vinategemea Betaflight, programu inayoiongoza droni, iliyomo kwenye bodi. Betaflight ya 4.3 inaelewana na ExpressLRS ya toleo la 2, na kuanzia 4.4 inaelewana na toleo la 3. Toleo la 2 na la 3 hayaelewani hata kidogo. Kijana wetu mmoja alipata droni ya namna hiyo kama zawadi kutoka kwa mjomba wake, na ilikaa kabatini wiki tatu kama imekufa, mpaka tulipotambua kuwa rimoti yetu ilikuwa imeshavuka kwenda toleo la 3.

Vipokezi vinavyojitegemea ni rahisi zaidi katika hili. Ukikiwasha bila rimoti, baada ya sekunde 60 hufungua mtandao wake wa waifai. Unaunganisha simu yako, unafungua anwani 10.0.0.1 kwenye kivinjari, na hapo unaweza kusasisha programu au kuandika neno lako la siri la kuoanishia. Neno hilo likiwa sawa kwenye rimoti na kwenye kipokezi, vyenyewe hutambuana kila vinapowashwa. Asiyetaka kuandika kitu huwasha na kuzima kipokezi mara tatu mfululizo, taa ikaanza kumetameta mara mbili mbili, kisha akaamuru rimoti ioane nacho. Angalizo la mtu aliyeungua kidole: waifai ikiwa imewaka, kipokezi hiki kidogo hupata joto jingi sana, hasa mezani ambako hakuna upepo wa mapangaboi. Maliza kazi yako, kizime.

Sijagusia bado jambo ambalo kwangu liko juu ya yote, nalo ni kile kipokezi kinachofanya mawasiliano yanapokatika. Kipokezi kizuri hukaa kimya, bodi kuu ya droni ikatambua ukimya huo na kuzima mota. Mwanzoni kabisa tulikuwa na kipokezi kimoja cha bei ya chini kisichokuwa na jina lolote juu yake, na chenyewe kilipopoteza rimoti kiliendelea kurudia amri ya mwisho kiliyopokea. Amri ya mwisho ilikuwa kwenda mbele. Droni iliondoka kwa utulivu juu ya mikoko, ikizidi kuwa ndogo, na sisi watano tukiwa tumesimama hatuna la kufanya. Haikumgusa mtu, nashukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo hakuna droni inayotoka mezani kwangu kabla ya jaribio moja: mapangaboi yanatolewa, mota zinawashwa, rimoti inazimwa, na tunahesabu. Mota zisiposimama ndani ya sekunde 2, droni hairuki. Hili hulifanya kila mara kipokezi kinapobadilishwa, hata kama ni cha aina ileile. Na kabla ya hayo yote, anayerusha nje ajue kuwa ndege zisizo na rubani nchini zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kibali hutangulia, na uwanja wa ndege wa Tanga hauko mbali na mji. Sisi haturushi mjini, wala karibu na bandari, wala upande wa Chongoleani.

Mwisho ni chumvi, ambayo hutaiona ikitajwa kwenye maelezo ya kiwanda chochote. Msimu wa kusi upepo wa Tanga huja na unyevu wa bahari moja kwa moja, na bodi isiyofunikwa huota kutu ya kijani kwenye shaba yake. EP1 yetu ya kwanza, iliyorushwa ufukweni kwa miezi minne, ilianza kupoteza mawimbi bila sababu ya kueleweka, na nilipoiweka chini ya lenzi niliyoizoea kwa simu zilizoingia maji, nikaona ukijani umezunguka tundu la antena. Niliisafisha kwa mswaki laini na spiriti, ikapona, namba zikarudi zilipokuwa. Tangu hapo kila kipokezi kipya hupakwa rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili nyembamba, nikiacha kitufe, tundu la antena na, kwa EP2, kile kijiwe cha kauri. Kisha huvalishwa plastiki ya kusinyaa iliyo wazi ili taa ionekane. Nilipomrudishia sonara kipokezi kilichokamilika hivyo, pamoja na nyaya zake nne za sentimita 4, mizani yake ilisoma gramu 1.38. Hiyo ndiyo namba ninayoiandika kwenye daftari la vijana, na ndiyo wanayotumia wanapohesabu mzigo wa droni mpya.